Velázquez: Mtumishi wa Mfalme Aliyechora Wakubwa na Wadogo

Katika jarida letu hili tumezoea kusoma maisha ya watu mashuhuri waliokwisha kufariki zamani: mashujaa wa vita, wavumbuzi na viongozi wa mataifa. Safari hii zamu imeniangukia mimi, nami nimemchagua mchoraji. Najua wapo watakaouliza mchoraji anamhusu nini mtumishi wa serikali, ambaye riziki yake ni majalada na madokezo. Nawaomba wasubiri kidogo. Mchoraji huyu naye alikuwa mtumishi wa serikali, tena alikuwa akiidai serikali yake malimbikizo ya mshahara.

Nilimfahamu nikiwa kidato cha tatu, katika miaka ya tisini. Siku moja mwalimu wetu wa sanaa aliingia na picha aliyoikata kutoka gazeti la zamani, akaibandika ubaoni bila kutueleza lolote. Ilikuwa picha ya mtu wa rangi ya maji ya kunde, mwenye ndevu na nywele nyingi, amevaa joho na ukosi mpana mweupe wa lesi. Mkono mmoja ameuweka kifuani, na macho yake yanamtazama mtu moja kwa moja. Mwalimu alitutaka kila mmoja aandike katika karatasi mtu yule ni nani. Wengine waliandika sultani, wengine balozi, wengine jemadari. Mimi niliandika mwana wa mfalme. Baada ya kuzikusanya karatasi zote ndipo alipotuambia kwamba jina la mtu yule ni Juan de Pareja, na kwamba siku ile alipochorwa alikuwa mtumwa. Aliyemchora ndiye aliyekuwa bwana wake. Darasa zima lilinyamaza kimya.

Bwana huyo aliitwa Diego Velázquez. Alizaliwa Sevilla, kusini mwa Hispania, akabatizwa tarehe 6 Juni 1599. Ukoo wa baba yake ulitoka Porto, nchini Ureno, na jina la Velázquez lilikuwa la upande wa mama. Sevilla ya siku zile ilikuwa mji wa bandari wenye utajiri mkubwa, kwa kuwa meli zilizotoka Amerika zilishusha humo fedha na dhahabu. Hali kadhalika ulikuwa mji wenye watumwa wengi, Waafrika na wengineo, waliouzwa na kununuliwa kama bidhaa. Kijana Diego, akiwa na umri wa miaka 11 hivi, alipelekwa kwa fundi Francisco Pacheco kwa mkataba wa miaka 6 ili ajifunze uchoraji. Mwaka 1617 alifaulu mtihani wa mafundi, akaruhusiwa kufanya kazi kwa jina lake. Mwaka uliofuata alimwoa Juana, binti wa mwalimu wake.

Kabla ya kuwachora wafalme, Velázquez alichora watu wa jikoni na wa mitaani. Mwaka 1618 alimchora bibi kizee anayekaanga mayai. Baadaye alimchora muuza maji mwenye nguo chakavu, akimpa kijana bilauri kwa heshima kama kuhani. Alimchora pia mtumishi wa jikoni, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika, ameinama juu ya meza yenye vyombo, na nyuma yake katika tundu la ukuta anaonekana Yesu akila na wafuasi wake huko Emau. Nawaomba mlikumbuke jambo hili, kwa maana litarudi mbele.

Mwaka 1621 kijana wa miaka 16 alitawazwa kuwa Mfalme Felipe IV wa Hispania. Velázquez alikwenda Madrid mwaka 1622 kutafuta nafasi, akarudi mikono mitupu. Mwaka 1623 aliitwa tena na waziri mwenye nguvu, Olivares, akamchora mfalme mwezi wa Agosti. Picha ilipendeza, na mwezi wa Oktoba aliajiriwa kuwa mchoraji wa mfalme kwa mshahara wa dukati 20 kwa mwezi. Tangu siku hiyo hakuondoka katika utumishi huo mpaka alipokufa, miaka 37 baadaye.

Hapa inafaa nieleze picha ya mfalme ilikuwa na kazi gani. Wakati ule hapakuwa na kamera. Watu wengi wa milki ile, iliyoenea kuanzia Ulaya hadi Amerika na Ufilipino, hawakuwa na tamaa ya kumwona mfalme wao kwa macho. Picha ndiyo iliyosimama mahali pake. Ilitundikwa katika majumba ya serikali, ilipelekwa kama zawadi kwa wafalme wengine, na watu waliisoma kama sisi tunavyosoma waraka. Mkono uliowekwa juu ya upanga ulimaanisha mlinzi wa nchi. Karatasi mkononi ilimaanisha mfalme anayesoma maombi ya raia na kufanya kazi. Meza kandoni ilikuwa alama ya haki. Mwili ulinyooka na uso ulitulia, bila kicheko wala hasira, kwa sababu mtu asiyeweza kuitawala nafsi yake asingeaminiwa kuwatawala wengine.

Watu wengi hudhani kwamba mfalme lazima achorwe akiwa amejaa dhahabu na vito. Velázquez alimchora Felipe IV katika nguo nyeusi na ukosi mdogo tu. Mwaka 1623 ilipita sheria ya kupunguza anasa, na zile kosi kubwa za mikunjo zilipigwa marufuku, hata kwa mfalme. Lakini msidanganyike, ndugu zangu. Rangi nyeusi iliyokolea vizuri ilikuwa ya gharama kubwa kuitia katika nguo. Aliyeielewa lugha ile aliona utajiri uliojizuia, na huo ulikuwa ukubwa kuliko ule unaojionyesha. Wataalamu walipopiga picha za eksirei mojawapo ya picha hizo, iliyoko sasa katika makumbusho ya Prado huko Madrid, waligundua chini ya rangi umbo jingine la mfalme. Mchoraji alirudi baada ya miaka kadhaa akabadilisha miguu, joho na uso, ili mfalme aonekane mwembamba na mwenye haiba zaidi. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa.

Sura ya mfalme yenyewe ilikuwa na tatizo. Ukoo wake ulikuwa umeoana wenyewe kwa wenyewe kwa vizazi vingi, na taya la chini lilichomoza mbele. Mchoraji mwoga angelificha taya hilo. Velázquez hakulificha. Taya lile lilikuwa kama muhuri wa ukoo, na kila aliyeliona alijua kwamba huyu ni wa nasaba ya watawala. Alichofanya ni kulizungushia mwanga mzuri, nywele laini na macho yaliyotulia, hata kilema kikageuka kuwa dalili ya ufalme. Kwa ajili ya jumba jipya la Buen Retiro, mnamo mwaka 1635, alimchora mfalme juu ya farasi aliyeinua miguu ya mbele, naye ameshika hatamu kwa mkono mmoja bila taabu. Kando yake alimchora mwanawe, Baltasar Carlos, mtoto wa miaka 5 au 6, juu ya farasi mdogo mnene anayeruka. Anayeweza kumwongoza mnyama, picha ilisema, ataweza kuiongoza nchi. Maskini mtoto yule hakuiongoza. Alifariki mwaka 1646 akiwa na miaka 16.

Kwa wanawake wa jumba la mfalme uzuri ulikuwa na kanuni zake. Ngozi ilitakiwa iwe nyeupe, mashavu yapakwe rangi nyekundu kwa wingi, na nywele zipambwe mpaka ziwe pana kama ungo. Sketi ilitandazwa juu ya fremu ya pete ngumu kiasi kwamba mwanamke hakuweza kupita katika mlango mwembamba bila kujipinda. Mwaka 1639 ilitolewa amri ya kukataza vazi hilo, lakini fasheni iliishinda sheria. Malkia Mariana, mke wa pili wa Felipe IV, alikuwa pia mpwa wake mwenyewe. Velázquez alimchora akiwa binti mdogo ndani ya vazi hilo, kama aliyefungiwa ndani ya kengele. Binti yake, Margarita, aliyezaliwa mwaka 1651, alichorwa mara kwa mara tangu utotoni, na picha zikapelekwa Vienna kwa mjomba wake Leopold, aliyekusudiwa kuwa mume wake. Huko ndiko ziliko hadi leo: katika moja amevaa waridi, katika nyingine nyeupe, katika nyingine buluu. Watu huzisifu kwa uzuri, nao ni uzuri kweli. Lakini zilikuwa pia ripoti za maendeleo, kumwonyesha mchumba kuwa mtoto anakua salama. Aliolewa mwaka 1666, akafariki mwaka 1673 akiwa na miaka 21.

Sasa niwaambie habari za Velázquez mtumishi, ambazo watumishi wenzangu watazielewa upesi. Cheo cha mchoraji hakikumtosha. Mwaka 1627 alipata cheo cha bawabu wa chumba cha mfalme, akaendelea kupanda ngazi moja baada ya nyingine, mpaka mwaka 1652 akawa msimamizi mkuu wa makazi ya jumba. Kwa lugha yetu ya leo tungemwita afisa tawala. Alishughulikia vyumba, samani, kuni, usafi, funguo na safari zote za mfalme. Wakati huo serikali ya Hispania ilikuwa imefilisika zaidi ya mara moja, Ureno na Catalonia zilikuwa zimeasi mwaka 1640, na mishahara ilichelewa. Mchoraji mkubwa kuliko wote katika nchi ile aliandika maombi ya kulipwa, akangoja kama sisi tunavyongoja. Ndiyo maana picha zake ni chache. Muda mwingi uliliwa na ofisi.

Mfalme naye alizeeka. Kwa miaka 9 hivi alikataa kuchorwa peke yake, na katika barua ya mwaka 1653 alieleza kwamba hakupenda kuuvumilia upole wa Velázquez katika kazi, wala hakupenda kujiona akizeeka. Alipokubali hatimaye, Velázquez alimchora uso tu, bila farasi, bila meza, bila upanga: mzee mwenye macho mazito, aliyezika mke na watoto na kupoteza nchi. Katika picha zile mtu ameonekana, na mfalme yungali mfalme.

Heshima hiyo hakumpa mfalme peke yake. Katika jumba lile waliishi watu wafupi sana wa kimo, waliowekwa ili wawafurahishe wakubwa. Wachoraji wengine waliwachora kama pambo la kumfanya bwana wao aonekane mrefu. Velázquez alimchora mmoja wao, Sebastián de Morra, peke yake, ameketi chini, ngumi mbili zimekunjwa mapajani, akimtazama mtazamaji bila kuomba radhi. Ukikaa mbele ya macho yale huwezi kucheka.

Mwaka 1649 alitumwa Italia kununua sanamu na picha kwa ajili ya mfalme, akafuatana na Juan de Pareja, mtumwa aliyemsaidia katika karakana. Huko Roma alikuwa na kazi ya kumchora Papa Innocent X. Inasimuliwa kwamba ili kuuzoeza mkono, alimchora kwanza Pareja. Tarehe 19 Machi 1650 picha hiyo iliwekwa hadharani katika jengo la kale la Pantheon, na mafundi wa Roma waliishangilia. Ona alichokifanya. Alichukua mbinu zote alizozitumia kwa mfalme, yaani mwili ulionyooka, uso uliotulia, mkono wenye utaratibu, ukosi mweupe, mwanga juu ya paji la uso, akampa mtu ambaye kwa sheria hakuwa hata na mwili wake mwenyewe. Ndiyo sababu sisi wa kidato cha tatu tuliandika sultani na mwana wa mfalme. Hatukukosea kusoma. Picha ndiyo iliyosema hivyo.

Lakini nisimpake Velázquez mafuta. Alimmiliki mtu huyu kwa miaka mingi, akala jasho lake. Hati ya kumwachia huru aliitia saini huko Roma tarehe 23 Novemba 1650, miezi minane baada ya kushangiliwa kwa picha, na hata hapo aliweka sharti la kutumikia miaka 4 zaidi. Mkono uliouona uungwana wa mtu ulichelewa kuuandika. Nadhani hapo ndipo penye funzo kwetu sote: mtu anaweza kuiona haki kwa macho, akaichora vizuri, na bado akachelewa kuitenda.

Pareja alipokuwa huru alifanya kazi ya uchoraji kwa jina lake. Mwaka 1661 alichora picha kubwa ya wito wa Mtakatifu Mathayo, iliyoko Prado, na pembeni kabisa akajichora mwenyewe ameshika karatasi yenye jina lake. Katika picha hiyo amejichora mweupe na mwenye pua nyembamba kuliko alivyochorwa na bwana wake. Wadogo zangu mnaojua habari za mkorogo mtaelewa kwa nini jambo hilo huniuma. Kanuni za uzuri zilizotundikwa katika kuta za wakubwa zilimfuata hata baada ya minyororo kufunguliwa. Ile picha aliyochorwa Roma iliuzwa mnadani London mwaka 1970 kwa zaidi ya pauni milioni 2, ikanunuliwa na makumbusho ya Metropolitan ya New York, nayo ipo huko.

Mwaka 1656 Velázquez alichora picha yake maarufu kuliko zote, Las Meninas, yenye kimo cha zaidi ya mita 3. Katikati yupo Margarita wa miaka 5 na wasichana wanaomhudumia. Kando wapo watu wawili wafupi wa kimo na mbwa. Mfalme na malkia wanaonekana kwa mbali tu katika kioo. Mchoraji mwenyewe amesimama na brashi, mrefu kuliko mfalme aliye kiooni. Kifuani ana msalaba mwekundu wa Jumuiya ya Santiago, jumuiya ya waungwana wa nchi ile. Msalaba huo uliongezwa baadaye. Ili aingie humo ilibidi mashahidi zaidi ya 140 waulizwe juu ya nasaba yake, na waseme kwamba hakuwahi kuchora kwa ajili ya kupata fedha, maana kazi ya mikono ilihesabiwa kuwa aibu. Baraza lilimkataa, mfalme akaomba kibali kwa Papa, na mwishowe alipokelewa mwezi wa Novemba 1659. Aliifurahia heshima hiyo kwa miezi minane hivi tu. Baada ya kusimamia matayarisho ya harusi ya binti wa mfalme na Louis XIV wa Ufaransa mpakani, alirudi Madrid amechoka, akaugua, akafariki tarehe 6 Agosti 1660. Mkewe Juana alimfuata baada ya siku 8. Kanisa alimozikwa lilibomolewa mwanzoni mwa karne ya 19, na kaburi lake halijulikani.

Kwa nini nimewaletea habari hizi katika jarida la shule? Katika matayarisho ya mkutano wetu nilipewa kazi ya kukusanya picha za zamani za kutundika bwaloni. Za wakuu wa shule tulizipata zote, wamevaa tai, wamekaa nyuma ya meza, kalamu mkononi. Za viranja tulizipata, na za timu za mpira pia. Kisha mwenzangu mmoja akauliza iko wapi ya Babu, mpishi wetu, aliyetupikia ugali na maharage kwa miaka yote tuliyokaa hapa, na ambaye alimjua kila mvulana mwenye vidonda vya tumbo akamtengea uji bila kuambiwa. Tulipekua makasha yote. Hakuna.

Nami najua kwa nini hakuna. Nilikuwa katibu wa chama cha picha, na kamera ilikuwa mikononi mwangu. Siku ya kupiga picha ya bweni letu, Babu alikuja akasimama mwisho wa mstari, amevua aproni na kufunga vifungo vya shati mpaka juu. Mimi nilimwomba asogee kando, kwa kuwa picha ilikuwa ya wanafunzi. Alicheka, akasogea, akarudi jikoni. Katika picha ile, ukitazama ukingo wa kulia, utaona kiwiko cha mkono wa shati jeupe. Basi. Nilikuwa nimekwisha kufundishwa habari za Pareja, nilikuwa nimekwisha kuandika mwana wa mfalme katika karatasi yangu, na bado sikumwona mtu aliyesimama mbele yangu. Babu alifariki kabla sijapata mshahara wangu wa kwanza.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwenu ninyi wa zamani: yeyote mwenye picha ya Babu, hata iwe ndogo, hata iwe imechanika, aje nayo siku ya mkutano. Fremu nimekwisha kuinunua, na nafasi imeachwa katika ukuta, kwa kimo kile kile cha wakuu wa shule. Na kwenu ninyi mlioko madarasani, ambao leo mna kamera hadi katika simu za wazazi wenu: wapigeni picha wapishi wenu, walinzi wenu na wafagiaji wenu wakiwa hai, wanyooke, wamevaa watakavyo, na nyuma ya picha mwandike majina yao kamili. Jina kamili la Babu, nakiri kwa haya, nililijua mwaka huu, katika jalada la mishahara ya zamani.

Tukutane siku ya mkutano, Mungu akipenda.